Bomba Lilifunguliwa Baada ya Amina

Asubuhi moja mwaka 1995, pale Mabatini, Mwanza, mwenye nyumba wangu alifumba macho, akanyoosha mikono juu, akamwambia Mungu mbele ya wapangaji wote kwamba binti fulani wa kwaya ana mimba na anaificha.

Binti mwenyewe alikuwa ameniambia mimi peke yangu. Jana yake jioni, chumbani kwangu, mlango nimeufunga kwa komeo.

Niligeuka pale uani na ndoo yangu, nikautazama mlango wangu.

Kabla sijaendelea niseme kabisa, mimi ni Mkatoliki na mpaka leo siku yangu naianza kwa sala. Mtu asije akaniandikia huko chini kwamba nampiga vita Mungu. Mungu hana kosa lolote kwenye habari hii. Ninayemsema ni Machibya.

Naitwa Paskazia. Wakati huo nilikuwa fundi cherehani, sina mume, nimepanga chumba cha mbele chenye baraza linalotazama njia. Lile baraza ndilo lililokuwa linanilisha. Mitumba ilikuwa imeingia kwa fujo, watu wameacha kuleta vitambaa, sasa wanaleta suruali za Wazungu wanene uwabanie na magauni uwapunguzie. Mtu anapita na mfuko wake wa rambo, anaona cherehani, anasimama. Ukinitoa barazani ukanipeleka chumba cha nyuma, nimekwisha.

Na Machibya alikuwa anataka kunitoa.

Huyu mzee zamani alikuwa balozi wa nyumba kumi. Wakubwa wenzangu mnamkumbuka balozi alivyokuwa. Ukipata mgeni lazima ajue, ukipika nyama lazima ajue. Vyama vingi vilipoingia, ubalozi ukakosa makali. Mara kiwanda cha kuchambua pamba alichokuwa anafanyia kazi nacho kikampunguza. Mtu mzima akabaki anazunguka uani, hana wa kumwamuru.

Basi akaokoka.

Sisemi kuokoka ni kubaya, ninao ndugu zangu waliookoka na ni watu safi. Ila Machibya alibadilisha kofia tu, kichwa kilibaki kile kile. Mkutano wa balozi akauita sala ya asubuhi, akaendelea.

Kila alfajiri anagonga kipande cha reli alichokining'iniza kwenye mwembe. Tunatoka wote. Mkatoliki, Msabato, asiye na dini, mpaka Mwislamu mmoja wa chumba cha mwisho anakuja na kanzu yake anasimama nyuma kabisa. Ungefanyaje? Bomba la maji lilikuwa na kufuli na ufunguo ameuning'iniza shingoni. Bomba lilifunguliwa baada ya Amina.

Hivyo ndivyo mtumishi wa Bwana alivyovua watu, kwa ndoo.

Na sala zenyewe sasa! Baba wa watu anasifu dakika moja tu, halafu anaanza kazi.

"Ee Bwana, mwangalie huyu Otuoma! Jana amemwambia mke wake kwamba zile nyavu hakuzinunua, aliziiba! Mguse, Bwana!"

Otuoma alikuwa Mjaluo wa Shirati, mvuvi, mtu wa utani. Kweli alikuwa amemwambia mke wake hivyo, kumchokoza tu, wako wawili chumbani. Asubuhi ile nilimwona anamtazama mke wake kana kwamba amekula na adui sahani moja. Mke naye analia, anaapa hajasema. Haukupita muda wakahama kwa aibu, na chumba chao akaingia mnunuzi wa sangara kwa kodi ambayo Otuoma asingeiota.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mzee wetu. Viwanda vya samaki vilikuwa vinafunguliwa huko ziwani, watu wa sangara wana hela mpya, wanatafuta vyumba kama wehu. Sisi wapangaji wa zamani tukawa takataka. Mimi hakuweza kunifukuza hivi hivi, kwa sababu alipokosa mabati ya kuezekea nilimpa kodi ya mbele, na nyumba nzima inajua. Kwa hiyo ilibidi nitoke kwa miguu yangu mwenyewe.

Sasa swali. Alijuaje?

Kilichotuogopesha ni hiki. Machibya alikuwa kiziwi. Mashine za pamba zilimmaliza masikio, na akizungumza na wewe anakukodolea midomo aisome. Yeye hilo hakulificha hata kidogo. Alilitangaza.

"Bwana alinichukua masikio ya nyama," anasema huku anajipiga kifua, "akanipa masikio ya rohoni!"

Watu wakawa wanamwogopa kweli kweli. Ukitaka kumsema mwenzako unatoka mpaka nje ya uzio.

Turudi kwa Winnie, huyo binti wa kwaya. Alikuja na sare yake niilegeze kiunoni. Sisi mafundi hatuhitaji kuambiwa, futi inasema. Nikamtazama, akaniangukia begani akalia. Baba yake alikuwa mkali, mchumba wake yuko Geita anatafuta dhahabu, akasema akirudi tu wanajitambulisha kwa wazazi, nimsitiri mpaka hapo. Nikamwambia nyamaza mdogo wangu, nitakushonea mikunjo hapa mbele hata mama yako hatajua.

Kesho yake Machibya akamwambia Mungu kwa sauti ya kuuzia dagaa.

Kabla chai haijaiva mtaa wote unajua. Winnie akaja, uso umevimba, hata kukaa hakutaka.

"Dada Paskazia, mimi nilikuamini wewe."

"Winnie, naapa sijamwambia mtu."

"Tulikuwa wangapi mle ndani?"

Akachukua sare yake na uzi unaning'inia, akaenda.

Baada ya hapo wanawake wakaacha kusimama. Wanapita na rambo zao wanaangalia upande wa pili wa njia. Na ni haki yao, fundi mwenye mdomo nani atamvulia nguo? Nilikaa pale barazani mguu uko kwenye pedeli, sina cha kushona, nikaanza kumchukia yule mzee kama sijawahi kumchukia mtu.

Siku ya tatu mzee akaja, anatabasamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Naona Bwana anakuonyesha mlango."

"Mlango upi?"

"Kazi imekauka, si unaona? Usishindane na mpango wa Mungu. Kuna kijana mmoja wa Magu, anaitwa Chenge, mtu wa sangara. Anapenda hili baraza. Wewe nenda kapumzike kwenu."

Nikamwambia, "Kodi yangu bado haijaisha, mzee."

Akanikodolea midomo, akaisoma vizuri, akacheka. "Tutaomba," akasema.

Nyie, mtu akikuambia tutaomba ukasikia baridi mgongoni, huyo si mtu wa Mungu.

Nikaenda kwa mama Bernadeta. Huyu alikuwa mjane wa Kihaya, chumba cha pili kutoka kwangu, anauza maandazi, mdomo wake moto kuliko mafuta yake. Nikamwambia, "Mama, huyu mzee anatuchezea. Si kiziwi huyu. Anajifanya."

Bernadeta akawaza. "Chumba chako na sebule yake ni ukuta mmoja?"

"Ukuta mmoja, na haufiki kwenye mabati. Nyumba nzima haina dari."

"Basi anasikiliza. Ngoja."

Machibya alikuwa amekaa uani anasoma Biblia yake. Bernadeta akanyata nyuma yake na mfuniko wa sufuria kubwa, akauachia juu ya jiwe la kufulia. Kuku walitawanyika. Mtoto wa jirani akaanza kulia. Machibya akafungua ukurasa mwingine.

"Anajikaza," nikasema.

"Hapana mwanangu," Bernadeta akatikisa kichwa. "Hata mimi mwenyewe nimeshtuka."

"Anajikaza mama! Miaka yote hiyo ya ubalozi unafikiri hajazoea kujikausha?"

Tukakubaliana kumtega. Nitasema jambo la uongo chumbani kwangu, jambo moja tu ambalo halipo duniani. Asubuhi akilileta mbele za Bwana, nitamwambia mbele ya watu wote kwamba Mungu wake amedanganywa na fundi cherehani. Maana Mungu hadanganyiki. Anayedanganyika ni mtu mwenye sikio ukutani. Hapo Winnie atajua, na mtaa utajua.

Jua lilipokuwa linaanza kushuka, watu wanawasha majiko, tukakaa kitandani kwangu karibu na ule ukuta.

"Kwa hiyo ndiyo umeamua?" Bernadeta akauliza, sauti ameipandisha.

"Nimeamua mama. Kesho asubuhi napanda meli ya Nansio. Siagi mtu."

"Na siri zote za wanawake wa humu unaondoka nazo!"

"Naondoka nazo zote."

Bernadeta akaweka kanga mdomoni asicheke. Mimi nikamfinya. Upande wa pili kimya, ila nilisikia kiti kinalia kidogo. Nikasema moyoni, umekula chambo, mzee.

Kesho yake reli ikagongwa. Ilikuwa masika, uani tope tupu, tumejipanga na ndoo zetu. Na mgeni alikuwepo: Chenge mwenyewe, kijana mnene wa viatu vinavyong'aa, kaja kukagua baraza lake. Mzee alikuwa amemwalika aone nguvu za Bwana. Pembeni, mahali pake pa siku zote, alisimama mke wa mzee, mama Wilhelmina.

Huyu mama sijamtaja kwa sababu hakuna aliyekuwa anamtaja. Mkerewe, mpole, anapita na ndoo kichwani macho chini. Ukimsalimia anajibu taratibu na kuondoka. Sisi wanawake tulikuwa tunamhurumia tu, tunasema masikini, kaolewa na kipaza sauti. Kazi yake kwenye ile ibada ilikuwa moja: mume akimaliza, yeye anafunga kwa sala fupi. Wala hakuna aliyekuwa anaisikiliza, maana wakati huo macho yetu yote yako kwenye ule ufunguo.

Machibya akaanza. Alikuwa anang'aa.

"Bwana, tunakushukuru! Umenionyesha, Bwana! Leo kuna mwanamke anaondoka katika nyumba hii! Anapanda meli ya Nansio! Mwanamke aliyebeba siri za wapangaji wote! Mfungulie njia, Bwana! Aende, wala asitazame nyuma!"

"Amina!" Chenge akaitikia kwa nguvu kuliko wote.

Nimempata! Bernadeta akanipiga kiwiko. Nikapiga hatua mbele nifungue mdomo, niseme mzee mimi siendi popote, umeliwa.

Mama Wilhelmina akapiga magoti kwenye tope.

Nikasita. Kwenye nyumba ile anayeomba alikuwa hakatizwi. Hiyo ilikuwa sheria ya Machibya mwenyewe, na aliwahi kumnyima mtu maji siku nzima kwa kuivunja.

"Bwana," akaanza, na mara hii sauti ilikuwa kubwa, ya mtu aliyekulia kisiwani anayemwita mtu aliye majini. "Umesikia mume wangu alivyoniombea. Nakushukuru kwa kuwa amenifungulia njia."

"Amina!" akaitikia Machibya.

Jamani. Macho kayafumba, uso ameuelekeza mbinguni, anatikisa kichwa. Midomo ya mke wake haioni. Anaitikia kwa makisio, kama alivyozoea.

"Bwana, wewe unajua mzee hasikii. Hajasikia kitu tangu kiwandani. Hayo anayoyaita masikio ya rohoni ni haya yangu."

"Ndiyo, Bwana!"

Nyumba nzima ikafumbua macho. Mwislamu wa nyuma akasogea mbele.

"Kila jioni ananikalisha kwenye kiti pale ukutani. Halafu anawasha taa anisome midomo, ananiuliza leo wamesema nini. Nikimwambia sina, ananiambia usiponiletea la kuombea, kesho nitakuombea wewe. Nami niliogopa, Bwana. Anayajua mambo yangu."

"Haleluya!"

"Maneno ya Otuoma niliyapeleka mimi. Ya binti Winnie niliyapeleka mimi. Paskazia hakumwambia mtu."

"Mguse, Bwana! Mguse!"

Nilianza kulia pale pale na ndoo mkononi, sijui kwa hasira au kwa nini. Siku zote hizo nilikuwa namchukia mtu kwa kujifanya kiziwi, kumbe uziwi ndicho kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho.

"Jana nimemsikia Paskazia na mama Bernadeta wakisema uongo. Nikajua ni mtego, kwa sababu walikuwa wanabana kicheko. Nikawaza, Bwana, meli ipo na safari imeshasemwa, kinachokosekana ni mtu wa kwenda. Nikamwambia mume wangu kuna mwanamke wa nyumba hii anaondoka. Sikumtajia jina. Naye hakuuliza, alikuwa na furaha."

"Amina! Amina!"

"Nakwenda kwa kaka zangu, Nansio. Nimechoka kuwa Roho wa mtu. Ni hayo tu, Bwana."

Akainuka. Akaingia ndani, akatoka na furushi lake la kitenge. Akapita katikati yetu, na watu wakampisha.

Machibya bado yuko na Mungu. Akaongeza haleluya mbili za kwake, akafumbua macho, akavua ufunguo shingoni, akaenda akafungua bomba huku amejawa na amani. Maji yakaanza kumwagika. Hakuna aliyesogeza ndoo. Ndipo alipotuona wote tunatazama njiani.

"Mama yenu kaenda wapi?"

Bernadeta akamsogelea mpaka karibu kabisa. Akapanua midomo, polepole, aisome vizuri.

"Kaenda Nansio. Si umemwombea mwenyewe? Na mimi nimeitikia."

Sitasahau ule uso. Sikuuonea huruma hata kidogo, na huruma hiyo sijaipata mpaka leo.

Chenge alikuwa anafuta tope kwenye viatu. Akanigeukia mimi, si mzee. "Dada, hicho chumba kina dari?"

"Hakina."

"Aa, basi. Biashara ya samaki ni siri tupu. Siwezi kulala kwenye nyumba yenye masikio." Nasikia alienda kupanga mtaa wa Pasiansi.

Nilimkimbilia mama Wilhelmina, nikamkuta hajafika mbali.

"Nisamehe mwanangu," akasema bila kusimama.

Alikuwa ameninyang'anya wateja, amemvua nguo mtoto wa watu mbele ya mtaa, amemfukuza Otuoma. Na alikuwa ameishi miaka na mtu anayemtishia kwa jina la Yesu. Yote mawili yalikuwa kweli, na mimi sikuweza kuchagua. Nikachukua furushi nikalibeba mpaka barabarani. Huko tukaagana kwa mkono tu.

Mchana huo huo Mabatini nzima ilikuwa na habari. Jioni Winnie akaja na sare yake. Hakusema mengi, alikaa kwenye kigoda, akanyoosha mikono, nikachukua pini zangu. Baada ya huyo wakaja wengine. Baraza sikuhama, nilikaa pale mpaka nilipopata kiwanja changu.

Mnajiuliza kuhusu Roho? Aliondoka na meli.

Kesho yake reli iligongwa, tukatoka kwa sababu ya maji. Machibya akanyoosha mikono, akafumba macho, akapiga kelele, "Bwana, mwangalie huyu..." Akanyamaza. "Mwangalie huyu..." Tukangoja. Hakuwa na la mtu yeyote. Basi akaombea mvua, na sisi tumesimama kwenye tope la kufika vifundoni. Mtu mmoja akacheka, halafu wote tukacheka, na yeye hakusikia.

Funzo langu ni fupi. Anza siku yako na sala, ni jambo jema, mimi nimelifanya hata leo kabla ya kuandika haya. Lakini mtu akifumba macho akaanza kumweleza Mungu mambo ya jirani yake, ujue haongei na Mungu. Mungu anayajua tayari. Anakueleza wewe, na kesho atasimama mahali pengine amweleze mwingine yako.